Je, Wajua? Lami Kuukuu, Moto Mdogo

JE, WAJUA kwamba lami ya kawaida ya barabara huchanganywa kwenye joto la nyuzi 150 hadi 180 za Selsiasi? Lami vuguvugu huchanganywa kwa nyuzi 100 hadi 140 tu. Mafuta ya kuchoma mtamboni hupungua, na kazi ya kutumia tena lami iliyokwanguliwa barabarani hurahisika.

KWAMBA ufundi wa lami vuguvugu ulianza Ulaya miaka ya 1990, Ujerumani na Norway zikiwa mbele? Wataalamu wa Marekani walifunga safari kwenda kujifunza mwaka 2002. Afrika nayo imo: jiji la Durban, Afrika Kusini, lilianza majaribio mwaka 2008, na mwaka 2011 Sabita, chama cha sekta ya lami cha nchi hiyo, kikatoa mwongozo wake.

KWAMBA maji kidogo huweza kufanya kazi ya moto mwingi? Bitumeni ndiyo gundi nyeusi inayoshika kokoto. Ikiwa moto ikadungwa maji, maji hugeuka mvuke papo hapo na bitumeni hufura ikawa povu. Povu hilo hutambaa juu ya kokoto bila kuhitaji joto kali. Profesa Ladis Csanyi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, Marekani, ndiye aliyelianzisha wazo la bitumeni ya povu, mwaka 1956.

KWAMBA njia nyingine ya kupunguza moto ni nta? Kampuni ya Sasol ya Afrika Kusini hutengeneza nta inayoyeyuka kwenye nyuzi 100 hivi. Ikiyeyuka, huilainisha bitumeni ili ishindiliwe vizuri. Barabara ikipoa, nta huganda na kuikaza bitumeni, hivyo magurudumu ya malori hayachimbi mabonde upesi.

KWAMBA bitumeni huzeeka? Joto na oksijeni huifanya ngumu, na sehemu kubwa ya uzee huo huipata siku ya kwanza, ndani ya mtambo. Bitumeni ya lami kuukuu imekwisha kukakamaa, kwa hiyo peke yake hupasuka haraka. Bitumeni mpya iliyopikwa kwa moto mdogo hubaki laini, kwa hiyo peke yake hubonyea haraka. Zikiwekwa pamoja kwa kipimo sahihi, ugumu wa moja hufidia ulaini wa nyingine. Hii ndiyo sababu kuu ya kuunganisha mbinu ya lami vuguvugu na ile ya kutumia tena lami kuukuu.

KWAMBA jambo hilo limepimwa kwa malori halisi? Kituo cha utafiti wa lami cha NCAT karibu na Opelika, Alabama, Marekani, kina barabara ya mzunguko ya kilomita 2.7 ambako malori yenye shehena nzito huzunguka kutwa. Mwaka 2009 vilijengwa vipande viwili vyenye asilimia 50 ya lami kuukuu, kimoja cha moto wa kawaida na kingine cha lami vuguvugu. Baada ya mzigo sawa na mapito milioni 10 ya ekseli sanifu, vyote viwili vilikuwa imara, na mabonde ya magurudumu yalikuwa haba.

KWAMBA adui mkubwa wa lami vuguvugu ni unyevu? Moto ukipungua, kokoto huweza kuingia kwenye mchanganyiko zikiwa hazijakauka sawasawa, na bitumeni ikabanduka mvua zikianza. Dawa yake ni chokaa au kemikali za kushikisha. Kipimo kinachotumika sana hutaka sampuli iliyoloweshwa ibaki na angalau asilimia 80 ya nguvu ya sampuli kavu.

KWAMBA kuna jaribio kali lililopewa jina la mji wa Hamburg, Ujerumani? Gurudumu la chuma hupita juu ya sampuli iliyozamishwa katika maji ya nyuzi 50, mara hadi 20,000. Texas huikataa sampuli ikibonyea zaidi ya milimita 12.5 kabla ya kufikisha idadi ya mapito iliyowekwa.

KWAMBA moto ukiwa mdogo mno, bitumeni ya zamani haiyeyuki yote? Sehemu yake hubaki imeganda kwenye kokoto, na barabara huishia kuwa na gundi pungufu. Ndiyo maana lami kuukuu ikizidi katika mchanganyiko, mafundi hutia mafuta ya kuihuisha bitumeni iliyozeeka, au huchagua bitumeni mpya iliyo laini zaidi.

KWAMBA anayefaidi kwanza ni mfanyakazi? Mwaka 2011, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka kazi ya kutandaza lami, pamoja na moshi wake, katika kundi la mambo yanayoweza kusababisha saratani. Joto likishuka, moshi unaomfikia aliyeshika koleo hupungua.

KWAMBA matairi chakavu nayo hutumika? Mhandisi Charles McDonald alianza kuchanganya unga wa matairi na bitumeni mjini Phoenix, Arizona, miaka ya 1960. Mpira huifanya bitumeni iwe nzito na kudai moto zaidi. Mbinu za lami vuguvugu huushusha moto huo.

KWAMBA Marekani hurudisha barabarani zaidi ya tani milioni 80 za lami kuukuu kila mwaka?

KWAMBA hapa Kenya kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilisimamisha kazi hiyo mwaka 2013, na bitumeni ya barabara zetu hununuliwa nje kwa fedha za kigeni? Sasa piga hesabu. Kwangua kilomita moja ya barabara yenye upana wa mita 7, kina cha sentimita 5: utapata takriban tani 840 za lami. Kwa kuwa bitumeni huwa karibu asilimia 5 ya uzito, umeshika tani 42 za bitumeni iliyokwisha kulipiwa. Tukiimwaga kando ya barabara kama kifusi, tunaitupa mali ya umma. Basi kila mkataba wa ukarabati useme lami iliyokwanguliwa ni ya nani, itahifadhiwa wapi na nani ataipima. Na rundo lifunikwe, kwa sababu lami iliyoloa hula mafuta mengi kuikausha, na akiba yote ya moto mdogo huishia hapo.