Wazee wetu wasibaki nyuma wakati wa ugonjwa wa mlipuko

Tangu tarehe 10 Machi 2020, siku ilipotangazwa kwamba Korona imeingia Kinshasa, tumejifunza kunawa mikono na kuvaa barakoa. Lakini jambo moja hatujalisema wazi: katika nyumba zetu nyingi, mzee ndiye wa mwisho kupelekwa kwa munganga.

Fikiria mama wa miaka 70 mwenye tansyo. Anahitaji dawa kila siku. Mlipuko ukifika, anaogopa kituo cha afya asije akaambukizwa. Watoto nao wanaogopa. Barabara ni matope, pikipiki inataka pesa. Dawa zinakwisha, na kwa kuwa hasikii maumivu, tunadhani amepona. Tansyo haipigi kelele. Siku moja mdomo unapinda, mkono unalegea, maneno hayatoki. Korona haikumgusa, ila hofu yake ndiyo iliyomfikisha hapo.

Uvumi nao ulituumiza. Mwezi Machi 2021 nchi yetu ilipokea dozi milioni 1.7 za chanjo ya Korona, na wazee walikuwa kati ya wale walioihitaji zaidi. Kampeni ilichelewa hadi tarehe 19 Aprili, watu wengi wakakataa, na dozi milioni 1.3 zikapelekwa nchi zingine za Afrika zisiharibike. Tarehe 14 Agosti 2024 OMS ikatangaza dharura ya mpox, na swali likarudi: nani atamwangalia mzee?

Kikundi chetu kinaweza kufanya haya:

Tujue wazee wanaokunywa dawa kila siku. Wiki moja kabla hazijaisha, kijana achukue fishi ya mzee aende kumuulizia kituoni.

Katika likelemba, tutenge kiasi kidogo kwa pikipiki na matibabu ya wazee.

Tusingoje homa. Mwili wa mzee unaweza kuugua malaria au mapafu bila joto kali. Akikataa chakula, akichanganyikiwa, au akilegea ghafula, apelekwe. Mdomo ukipinda au ulimi ukiwa mzito, apelekwe saa ile ile, hata kwa tipoyi.

Tusimfungie ndani peke yake. Tukae naye nje, chini ya muembe, kwa nafasi kidogo, tuzungumze. Upweke nao unamaliza nguvu na hamu ya kula.

Wazee wengi hawasemi kwamba wanaumwa. Wanajua pesa ni ya minerval ya wajukuu, kwa hiyo wananyamaza. Ni hao hao waliobaki na watoto wetu tulipokwenda shambani. Basi mama, usingoje akuambie. Leo jioni, kabla ya kulala, muulize: «Dawa zako zimebaki ngapi?»