Vipando vya Wakuu wa Dini: Baina ya Ngamia na Gari la Vioo

Wahenga wetu walisema, mpanda ngazi hushuka. Maneno hayo waliyanena juu ya cheo, lakini ukiyatazama vyema utaona yanafaa juu ya kila kipando, kiwe ni punda, ngamia, machela au motokaa. Mtu akikaa mahali pa juu huonekana na watu, na akisha kuonekana huwa ameingia katika mambo mawili kwa pamoja, nayo ni heshima na hatari. Leo, wasomaji wapenzi, nataka tuzungumze juu ya vipando ambavyo wakuu wa dini wamepitishwa navyo mbele ya umma, maana ndani yake mna mafunzo ambayo hata sisi watu wa pwani yatufaa.

Sisi Waislamu hatuwezi kuanza mazungumzo haya pasi na kumtaja ngamia jike aitwaye Qaswa. Katika mwezi wa Ramadhani, mwaka wa 8 wa Hijra, ambao ni mwaka wa 630 wa Miladi, Mtume Muhammad (S.A.W.) aliingia Makka hali ya kuwa ni mshindi. Mji uliomfukuza ulikuwa sasa uko mikononi mwake. Lau angekuwa mfalme wa Rumi au wa Uajemi, angeliingia kwa vigelegele na kifua mbele. Lakini wapokezi wa sira wametusimulia kwamba aliinamisha kichwa kwa kumnyenyekea Mola wake, hata ndevu zake zikakaribia kugusa matandiko. Na nyuma yake, juu ya kipando hicho hicho, alimpakia Usama, mwana wa Zaidi bin Haritha. Zaidi alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Basi tazama ni nani aliyepewa kiti cha nyuma siku ile kubwa!

Zipo pia habari zinazosimuliwa sana madrasani juu ya Sayyidna Umar bin Khattab (Mwenyezi Mungu amridhie) alipokwenda kupokea funguo za Baitul Muqaddas. Husimuliwa kwamba yeye na mtumishi wake walikuwa na kipando kimoja, wakawa wakipokezana njiani. Walipofika mjini ilikuwa ni zamu ya mtumishi kupanda, na Khalifa akaingia kwa miguu ameshika hatamu.

Lakini dunia haikubaki pale. Dola zilipokua, vipando navyo vilikua. Katika karne ya 13, zama za Sultani Baybars wa Misri, ilianzwa ada ya kupeleka Makka mahmal pamoja na msafara wa mahujaji. Mahmal ni mfano wa kijumba cha mbao chenye paa lililochongoka, kilichofunikwa hariri iliyotariziwa kwa nyuzi za thamani, kikabebwa juu ya ngamia aliyepambwa. La kustaajabisha ni kwamba ndani ya kijumba kile hamkukaa mtu. Kilikuwa ni alama ya Sultani, kuwajulisha walimwengu kwamba yeye ndiye mlinzi wa njia ya Hija. Kipando kitupu, lakini mji mzima wa Cairo ulitoka kukitazama! Ada hiyo ilidumu mamia ya miaka, hata mwaka wa 1926 ukazuka ugomvi pale Mina baina ya askari wa Misri waliofuatana na mahmal wakipiga tarumbeta, na watu wa Najd walioona jambo hilo ni bidaa. Risasi zikalia na watu wakauawa, katika siku za Hija. Tangu hapo mahmal haikuingia tena Makka.

Istanbul nako, Sultani Abdulhamid wa Pili, ambaye pia alikuwa Khalifa, alikuwa na desturi ya kwenda sala ya Ijumaa kwa gwaride, naye amekaa ndani ya gari la farasi, watu na mabalozi wa nje wakimtazama. Tarehe 21 Julai, 1905, maadui zake waliegesha gari lililojaa baruti nje ya msikiti wa Yıldız, wakalipima kwa dakika atakazochukua kutoka mlangoni hadi kwenye gari lake. Siku hiyo Sultani alisimama kidogo kuzungumza na Sheikhul Islam. Bomu likalipuka yeye bado hajafika. Aliokoka, lakini watu zaidi ya 20 waliangamia, wengi wao wasio na hatia yoyote. Hivyo ndivyo gwaride lenye saa maalumu na njia maalumu linavyoweza kuwa mtego.

Jirani zetu Wakristo nao wana tarehe yao. Kwa karne nyingi Papa wa Roma alikuwa akibebwa mabegani na wanaume waliovaa mavazi mekundu, juu ya kiti cha enzi chenye mipini, na kandoni mwake mapepeo makubwa ya manyoya ya mbuni. Mwaka wa 1930 kampuni ya Mercedes-Benz ilimtengenezea Papa Pius wa Kumi na Moja motokaa ambayo nyuma yake mlikuwa na kiti kimoja tu, mfano wa kiti cha enzi. Kile kiti cha mabegani kilitumika mara ya mwisho mwaka wa 1978. Papa Yohana Paulo wa Pili, aliyeshika cheo mwaka huo, alikikataa, akapenda kusimama ndani ya gari la wazi akiwashika watu mikono. Watu wa Kenya walimwona alipokuja mwaka wa 1980.

Mwaka uliofuata, tarehe 13 Mei, 1981, alipokuwa akizungushwa uwanjani Roma katika gari jeupe la Fiat lililokuwa wazi, kijana wa Kituruki aitwaye Mehmet Ali Ağca alimpiga risasi. Papa alipona, na baadaye akamwendea kijana huyo gerezani akamsamehe. Lakini baada ya siku ile vilikuja vioo visivyopenywa na risasi, na mkuu wa dini akawa kama samaki ndani ya chupa: waonekana, lakini hukugusi. Marehemu Papa Francis, aliyezuru Nairobi mwezi wa Novemba, 2015 ikiwa imepita miaka 20 tangu ziara ya mwisho ya mtangulizi wake, hakuvipenda vioo hivyo. Alipendelea gari dogo na gari la wazi, akisema kwamba kwa umri wake hakuwa na kikubwa cha kupoteza. Alipofariki mwezi wa Aprili, 2025, jeneza lake lilipitishwa katika njia za Roma juu ya gari la wazi.

Na si risasi pekee inayotisha. Mapenzi nayo huzonga. Tarehe 1 Februari, 1979, Ayatollah Khomeini aliporejea Iran kutoka Ufaransa, alipakiwa katika gari aina ya Chevrolet Blazer kuelekea makaburi ya Behesht-e Zahra. Umma ulilizunguka gari lile hata likashindwa kwenda mbele wala nyuma, na ikabidi mzee yule achukuliwe kwa helikopta. Waliomzuia njia hawakuwa maadui. Walikuwa wapenzi wake.

Sasa turudi kwetu. Nendeni Lamu wakati wa Maulidi ya Riyadha, msikiti aliouasisi Habib Swaleh, mtazame zefe. Masharifu huenda kwa miguu, kanzu kwa kanzu na wanafunzi na wachukuzi, matari yakilia, na vichochoro vya mji ule havina nafasi ya motokaa. Mkuu na mdogo wanatokwa na jasho moja. Mimi nimetembea katika zefe hizo tangu ujana wangu, na sijaona kipando kinachompa sheikh haiba kuishinda miguu yake mwenyewe.

Hata hivyo, tusijidanganye. Mwezi wa Juni, 2014, Sheikh Mohammed Idris, aliyekuwa mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri wa Kenya, alipigwa risasi akafariki huko Likoni, wakati wa sala ya alfajiri. Hakuwa na vioo wala gwaride. Baada ya msiba kama huo, ni nani kati yetu atakayemlaumu mwanachuoni akipanda gari na kufunga madirisha?

Kwa hivyo rai yangu ni hii. Unyenyekevu wa kiongozi ni juu yake mwenyewe, na Qaswa ametosha kuwa dalili. Lakini usalama wake ni juu yetu sisi tunaomfuata. Tukitaka masheikh wetu waendelee kwenda nasi kwa miguu, hatuna budi kuwa ukuta wao: tusinyamaze tusikiapo vitisho, tusiwaache peke yao njia za giza, wala tusiwazonge kwa pupa ya kubusu mikono. Umma ukiacha kumlinda kiongozi wake, yeye atakwenda kutafuta kioo, na kioo hicho kikisha kuwekwa si rahisi kukiondoa.