Gome la Muthiga na Tumbo Lililovimbiwa

Mtu wa Ndabibi, karibu na Naivasha nchini Kenya, akila nyama ya mbuzi ikamkalia tumboni, dawa haiko mbali. Mmaasai huchemsha gome la olkiloriti, mti wa jamii ya mgunga, ndani ya supu. Mkikuyu hutafuna kipande cha muthiga, mti ambao Wamaasai huuita osokonoi na wanasayansi Warburgia ugandensis. Mwenye haraka hununua tangawizi dukani. Gome la muthiga huwasha ulimi, mdomo ukajaa mate, na baada ya muda mtu hucheua akahisi amepungukiwa na mzigo. Nafuu hiyo siipuuzi. Ninachouliza ni jinsi tunavyojua kwamba imeletwa na gome, na kwa maoni yangu ushahidi unaotangazwa zaidi ndio ulio dhaifu zaidi.

Ushahidi huo hutoka maabara. Tangu miaka ya 1970 wanakemia wamechuja kutoka muthiga kemikali kali kama warburganali, muzigadiali na poligodiali, wakaonyesha kwamba huzuia kuvu na baadhi ya bakteria kwenye kisahani. Kutoka hapo wauzaji huruka moja kwa moja hadi “unaponya vidonda vya tumbo”. Kweli, vidonda vingi husababishwa na bakteria, Helicobacter pylori, ambaye ugunduzi wake uliwapa Barry Marshall na Robin Warren wa Australia tuzo ya Nobel mwaka 2005. Lakini bakteria huyo hujificha chini ya utando wa ute wa tumbo. Hata hospitalini huhitaji antibiotiki mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa muda wa wiki mbili hivi. Siki nayo huua bakteria kwenye kisahani, na hakuna anayeitegemea kutibu kidonda.

Tangawizi imepimwa kwa watu, na matokeo yake yanafundisha zaidi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, wagonjwa 11 wenye tatizo la kuvimbiwa mara kwa mara walipewa gramu 1.2 za unga wa tangawizi, na siku nyingine unga usio na dawa, kisha wakanywa supu. Kwa tangawizi, nusu ya supu ilitoka tumboni kwa takriban dakika 12. Bila tangawizi, dakika 16. Tumbo lilifanya kazi haraka zaidi. Hata hivyo, wagonjwa walipoulizwa wanavyojisikia, hapakuwa na tofauti. Basi ikiwa dawa inayogusa tumbo lenyewe inaweza kushindwa kuleta nafuu inayohisiwa, kisahani cha maabara kitatuambia nini?

Nitaambiwa kwamba vizazi vyote hivyo haviwezi kuwa vimekosea. Havikukosea kuona nafuu. Ila kuvimbiwa huja na kuondoka kwenyewe, na katika majaribio mengi ya ugonjwa huu, theluthi moja au zaidi ya waliopewa kidonge kisicho na dawa husema wamepata nafuu. Mzee aliyetafuna gome jioni na kuamka mzima hakuwa na njia ya kutenganisha mambo hayo mawili na kazi ya gome. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kampuni haziwezi kupata faida kwa gome ambalo kila mtu hulichuna, kwa hiyo hakuna anayegharimia majaribio. Ni kweli, na ndiyo sababu kazi hiyo ni ya taasisi za umma kama KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, yenye kituo cha utafiti wa dawa za asili Nairobi.

Kusubiri gome lifanye kazi kuna hatari zake. Bonde la Ufa lina saratani nyingi ya umio. Hospitali ya Tenwek, Bomet, imeandika kuihusu kwa miaka mingi. Chakula kinachokwama kooni, kinyesi cheusi kama lami, kutapika damu au kukonda bila sababu si kuvimbiwa, na kila wiki inayopotea kwa kutafuna gome ni wiki ya matibabu iliyokwenda.

Jaribio la magome haya si gumu kulipanga. Wachukuliwe watu wa Ndabibi na Naivasha waliopimwa na kukutwa hawana Helicobacter pylori wala kidonda. Nusu wanywe supu yenye olkiloriti, nusu supu iliyotiwa uchungu usio na dawa, na asiyejua nani amepewa nini ndiye awahoji baada ya mwezi. Kisha muthiga ujaribiwe hivyo hivyo, gome kwa upande mmoja na majani kwa upande wa pili, kwa sababu mti uliochunwa gome pande zote hufa, ilhali majani huchipuka tena.