Mstari mwekundu wa kipimo cha malaria ni dhahabu

Msomaji, ukisafiri kutoka Malindi kwenda Garsen utapita Minjila, inapochepuka barabara ya Lamu. Mto Tana unapofurika, kama ulivyofurika mwishoni mwa 2023, madimbwi hubaki na mbu huzaliana. Mtoto akishikwa na homa hudungwa kidole, na tone la damu hutiwa katika kipimo kidogo cha plastiki. Pakitokea mstari mwekundu kando ya herufi T, ni dalili ya malaria. Je, wekundu huo watoka wapi?

Katika vipimo vingi ni dhahabu, iliyo katika chembe ndogo mno: zaidi ya 1,000 zaweza kupangana katika unene wa unywele mmoja. Dhahabu ya namna hiyo haing'ai kama bangili. Ndani ya maji huwa nyekundu, kama Michael Faraday alivyoeleza mjini London mwaka 1857.

Chembe hizo haziyeyuki kama sukari. Kila moja hubaki nzima, ikielea peke yake kwa sababu imevikwa koti. Zikiwa uchi katika maji ya chumvi, hushikana na kugeuka buluu. Koti ndilo huamua zitapatana na kimiminika gani. Mwaka 1994, wanakemia wa Chuo Kikuu cha Liverpool, Uingereza, walieleza jinsi walivyozivika molekuli zenye mkia wa asili ya mafuta. Zilisambaa vizuri katika toluini, kiyeyusho kinachotumiwa katika rangi za kupaka, lakini si katika maji.

Zile za kipimo cha malaria zimevikwa kingamwili, ambazo ni protini zinazopatana na maji. Hizo hunasa protini ya vimelea iliyo katika damu, kisha hunaswa pamoja nayo kwenye mstari.

Basi usikubali kichupa cha dawa kinachokuja na kipimo kikiisha, kitiliwe maji ya bomba mahali pake. Maji matupu yaweza kuleta mstari wa uongo. Spiriti nayo huharibu protini, na joto kali vilevile. Kwa hiyo kipimo kisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Ukipimwa, hakikisha mstari wa C umeonekana, na majibu yasomwe katika dakika zilizoandikwa kwenye pakiti. Mstari wa C usipotokea, omba upimwe tena kwa kipimo kingine.