Leja ya Stoo na Sahihi ya Kiranja

Kabla kengele ya alfajiri haijalia, kiranja wa chakula alitakiwa awe mlangoni pa stoo. Mtunza stoo anapima unga na maharage, kiranja anasoma mizani, kisha wote wawili wanatia sahihi kwenye leja. Nikiwa kidato cha tatu, katika shule ya bweni niliyosoma, kazi hiyo niliishika mimi. Asubuhi moja tulipopima maharage, mshale wa mizani ulisimama kwenye kilo 34. Kwenye leja zilikuwa zimeshaandikwa 40.

"Tia sahihi mdogo wangu, uji utachelewa," mtunza stoo aliniambia.

Nilikuwa na miaka 17 na mkono ulikuwa ukitetemeka. Sikutia sahihi. Aliitwa mwalimu wa zamu, maharage yakapimwa upya, zikaongezwa kilo sita. Tangu siku hiyo nimehudhuria semina nyingi za uongozi kwa vijana, zile za siku mbili hotelini zenye fulana na posho. Sijakutana na iliyonifundisha kuliko ile stoo.

Nchi yetu ilianza kuandaa viongozi mapema. Mwaka 1961, mwaka wenyewe wa uhuru wa Tanganyika, TANU ilifungua Chuo cha Kivukoni kule Kigamboni, kwa sababu wasomi walikuwa wa kuhesabika na kazi ilikuwa haisubiri. Vijana walikabidhiwa mambo mazito: mwaka 1964 Salim Ahmed Salim alipelekwa Cairo kuwa balozi akiwa na miaka 22. Leo wasomi tunao tele. Tulichopungukiwa ni mahali pa kijana kukabidhiwa kitu halisi, akakitolea hesabu mbele ya watu wanaomfahamu.

Na mahali hapo pameandikwa katika sheria. Kila mkazi wa kijiji aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, hahitaji kuteuliwa na mtu. Mkutano unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe hadharani. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25. Hapo kijana angejifunza kuandika muhtasari, kubishana bila kutukanana, kuuliza fedha za zahanati zimekwenda wapi na kulinda swali lake asipojibiwa. Lakini nenda siku ya mkutano: wazee wako chini ya mwembe, vijana wako kijiweni na bodaboda zao, hatua chache tu kutoka hapo. Wanakuambia, "Tukienda, nani atatusikiliza?"

Siwalaumu. Wengi somo hilo walilipata shuleni. Nakumbuka tulivyopanga foleni kumchagua kaka mkuu, tukahesabu kura wenyewe. Jioni jina lililobandikwa ubaoni halikuwa la aliyeshinda. Hatukuelezwa chochote. Mtoto anayefundishwa akiwa na miaka 16 kwamba kura ni mapambo, tutamwambia nini akifika 18?

Majirani zetu Kenya walituonyesha jambo mwaka 2024. Kabla vijana hawajajaa barabarani mwezi Juni, waliusoma Muswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaelezana kwenye simu kodi ya mkate itamgusa nani. Tarehe 26 Juni Rais Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi. Gharama yake ilikuwa damu ya watu, na haikustahili kulipwa. Nalia na zile roho hadi leo. Kule kusoma ndiko ninakotaka kuwe kazi ya kawaida ya kila kijana, kijijini na shuleni, tena pasipo mtu kufa.

Muhula uliofuata baada ya ile asubuhi ya maharage, leja mpya ililetwa stoo. Ilikuwa na nafasi ya sahihi moja tu, ya mtunza stoo. Wakuu wa shule mnaosoma hapa, nawaomba: irudisheni ile ya pili.