Leseni Moja, Wateja Mbalimbali

"Nipe za hamsini." Katika kemisti nyingi za mtaani, mteja haulizi dozi ni pesa ngapi. Anataja alichonacho mfukoni, na muuzaji anakata vidonge kwa mkasi mpaka hamsini itimie. Wengine huandikwa kwenye daftari la madeni, na ikifika mwisho wa mwezi daftari limenona kuliko droo.

Sasa ipeleke hesabu hiyo nje ya mji wa Voi, kaunti ya Taita Taveta, Kenya. Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, haitofautishi Nairobi na Kasigau: duka lisajiliwe na Bodi ya Famasia na Sumu, leseni ihuishwe kila mwaka, na asimamie mfamasia au fundi dawa aliyesajiliwa. Masharti ya haki, maana dawa si sukari. Ila mshahara wa mtaalamu huyo unapatikana karibu na Hospitali ya Rufaa ya Moi, Voi, ambako wagonjwa hutoka na karatasi ya daktari mkononi. Rukanga, kule Kasigau, ambako mzigo hufika baada ya kuacha lami Maungu na kushika barabara ya vumbi, mauzo ya siku hayamtoshi. Mwenye duka ama anahamia mjini, ama anamwachia kaunta kijana ambaye hakusomea dawa. Kijana huyo, akisikia wakaguzi wako njiani, huteremsha mlango wa chuma.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 340,671 Taita Taveta, na mbuga za Tsavo zimemeza zaidi ya nusu ya ardhi. Duka moja likifungwa, la pili huenda liko ng'ambo ya njia ya ndovu. Usiku, ni mwendesha boda boda gani atakayekubali safari hiyo?

Hata Marekani maduka ya dawa yanafungwa: kampuni ya Walgreens ilitangaza Oktoba 2024 kuwa itafunga 1,200, na wenye maduka huko hulalamikia malipo duni ya bima. Huku kwetu, kwenye kaunta ya kemisti mara nyingi anayelipa ni mgonjwa mwenyewe, hasa zahanati ya umma ikiishiwa dawa. Tangu afya igatuliwe 2013, kaunti ndizo hununua dawa, nyingi kupitia KEMSA, mamlaka ya serikali ya kusambaza dawa. Deni la kaunti likirundikana, shehena huchelewa.

Sipingi msako wa wakaguzi. Kemisti bandia huua. Lakini ukiifunga huku rafu za zahanati zikiwa tupu, mgonjwa atanunua vidonge pale anaponunua unga. Kaunti ijaze rafu hizo kwanza, kisha wakaguzi waje na kufuli zao.