Utokomezaji wa matende na mabusha Dar es Salaam

Utokomezaji wa matende na mabusha Dar es Salaam ni juhudi za kukomesha maambukizi ya minyoo ya filaria katika jiji hilo la Tanzania. Matende na mabusha ni kati ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele.

Chanzo

Mnyoo Wuchereria bancrofti huishi katika mishipa ya limfu. Baada ya miaka mingi huweza kusababisha uvimbe wa miguu (matende) au wa korodani (mabusha). Mjini huenezwa hasa na mbu Culex quinquefasciatus, anayezaliana katika maji machafu ya vyoo vya shimo, makaro na mitaro iliyoziba. Hivyo usafi wa mitaro katika maeneo kama Kariakoo, Jangwani na Upanga ni sehemu ya kinga.

Kingatiba

Tanzania ilianza kugawa kingatiba mwaka 2000 katika kisiwa cha Mafia. Dar es Salaam ilifikiwa mwaka 2006. Watu hupewa ivamektini na albendazoli mara moja kwa mwaka. Dawa hizo huondoa minyoo wachanga katika damu, lakini minyoo wakubwa wengi hubaki hai kwa miaka kadhaa. Ndiyo maana hata asiyejisikia mgonjwa hutakiwa kumeza, na ugawaji hurudiwa kwa miaka isiyopungua 5. Baadhi ya watu hukataa wakihofia kupoteza uwezo wa kuzaa. Hata hivyo, asiyemeza akiwa na minyoo huweza kuwa chanzo cha maambukizi kwa majirani.

Vipimo vipya

Zamani damu ilichukuliwa usiku, wakati minyoo wachanga wanapojaa katika damu. Siku hizi kipimo cha haraka hutumia tone la damu ya kidole saa yoyote, na majibu hupatikana kwa dakika 10 hivi. Watoto wa miaka 6 na 7 hupimwa kwa sababu maambukizi kwao huonyesha kwamba ugonjwa bado unaenea.

Udhibiti wa mbu

Huko Makunduchi, Unguja, mwaka 1988 chembe nyepesi za plastiki zilimwagwa katika vyoo vya shimo vyenye maji, nao wakazi wakapewa dawa. Chembe hizo huelea na kuwazuia viluwiluwi wa mbu kupumua. Hazifai katika mitaro ya wazi, kwa kuwa mvua huzisomba.

Waliokwisha kuathirika

Kingatiba haiondoi busha lililokwisha kutokea. Hilo huhitaji upasuaji. Mwenye matende hushauriwa kuosha mguu kila siku kwa maji na sabuni, kuukausha vizuri na kutibu vidonda mapema.